Je, Mama Aliyechoka Amekosa?

Mama amekesha na mtoto mgonjwa usiku wa tatu, alfajiri amkaripia. Jirani wasikia, wasema: hampendi. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Asomaye na afikiri kwanza.

Mwaka 2017 ilionyeshwa sinema ya Alain Gomis iitwayo Félicité, iliyopigwa Kinshasa. Félicité ni mwimbaji wa baa, amlea mwanawe Samo peke yake. Kijana aumia kwa pikipiki, mguu wavunjika. Lakini hospitalini, kama ijulikanavyo hata Kolwezi, mara nyingi fedha hutangulia upasuaji. Basi mama azunguka mji. Awadai waliokopa kwake, amwendea baba wa mtoto, aingia hata nyumbani kwa tajiri. Apigwa, akataa kutoka. Mwanamke mmoja ajifanya kumletea dawa, kisha atoroka na fedha zake. Mwishowe mguu wakatwa.

Tangu hapo Félicité anyamaza. Hana wimbo. Wengi watasema upendo umekwisha. La! Kilichokwisha ni nguvu. Nguvu ni za mwili, nazo zina mpaka. Kupenda ni kumtakia mwenzako mema, hata mikono ikitetemeka. Wa kuulizwa ni wale waliofunga milango.

Amsaidiaye ni Tabu, fundi wa friji, mlevi, ambaye wazee wasingemteua kwa jambo lolote. Hata friji yenyewe yamshinda mara kwa mara. Lakini ndiye arudiye nyumbani mle, ndiye amchekeshaye Samo.