Bibi Aliyetufundisha Kukumbuka

Somo: 2 Timotheo 1:3–7



Mwezi huu wa Novemba, tunapowaombea marehemu wote, jina jipya limeongezwa katika orodha isomwayo altareni. Ni la mama ambaye wengine hapa Masasi walimwita Mwalimu, na wengine Bibi. Alifundisha Historia mpaka alipostaafu, kisha akalea wajukuu. Sisi tuliosoma naye chuo cha ualimu twaona ni wajibu wetu kueleza alichotuachia.

Mtume Paulo alipotaka kumtia moyo Timotheo, hakumtajia cheo wala elimu. Alimtajia bibi yake, Loisi, na mama yake, Eunike. Hapo twajifunza kwamba imani nayo ina ukoo, na mara nyingi mlango wa ukoo huo ni bibi.

Mwenzetu huyu hakuridhika na mwanafunzi kukariri miaka. Aliandika ubaoni 1873, mwaka ambao Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, kisha akauliza: “Aliyeuzwa ni nani? Aliyemkamata ni nani? Aliyenyamaza ni nani?” Aliwaeleza watoto kwamba Kanisa Kuu la Kristo kule Unguja limejengwa mahali pa soko la watumwa, na kwamba mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru, wakafanya makao hapa Masasi. Wala hakuficha kwamba miongoni mwa waliokamata na kuuza walikuwamo watu weusi kama sisi. Historia inayowasema wengine tu, alisema, ni umbeya.

Somo hilo lilimfuata nyumbani. Mjukuu wake alipotaka kuoa, wazee wa ukoo walinong’ona kwamba binti yule hana asili, kwa kuwa wahenga wake walikuja na kundi lile la mwaka 1876. Posa ikasimama. Bibi akawaita wazee, akawaandalia chakula, na walipokwisha kunawa akawauliza: “Wazee wangu, Injili hapa ilifika na nani?” Wakanyamaza. Akasema, “Ilifika na hao mnaowaita hawana asili. Na asili yao ilipotea kwa mkono wa nani?”

Ndoa ilifungwa kanisani. Mzee mmoja hakuhudhuria. Bibi hakumnunia, kila Jumapili baada ya Misa alimwendea akamwamkia, miaka mitatu. Mtoto wa ndoa ile alipobatizwa, mzee huyo ndiye aliyesimama msimamizi wake.

Ndugu, wana wa Israeli walipovuka Yordani waliagizwa kusimamisha mawe kumi na mawili, ili watoto wao watakapouliza maana yake waelezwe (Yoshua 4). Lakini jiwe halisemi lenyewe. Lataka mtu wa kulisemea. Bwana wetu naye, usiku ule aliotolewa, alituachia mkate na kikombe tuvifanye kwa ukumbusho wake. Tutaukaribiaje ukumbusho huo huku tukimpima kwa babu zake jirani aliyepiga magoti karibu nasi? Pale altareni hakuna mwenye asili na asiye nayo. Sote twanyosha mikono mitupu.

Basi mwezi huu tufanye mambo mawili. Kwanza, kila nyumba ichukue daftari, iwaulize wazee majina ya marehemu wake na mambo waliyoyapitia, ya sifa na ya aibu pia, kabla wazee hao hawajaondoka nayo. Pili, kama katika ukoo wetu yuko mtu anayesemwa chinichini kwa ajili ya asili yake, tumwendee tukamwamkie kabla ya Krismasi. Tusingoje aanze yeye.

Tumwombee Mwalimu wetu apumzike kwa amani, na siku ya ufufuo tuonane naye kwa furaha. Nasi tuliobaki tupewe ujasiri wa kuikumbuka kweli na upendo wa kuisema. Amina.