Tutafika Tu

Ndengu zilikuwa zimevunwa, mvua za Machi zinakaribia, na Kyuso ilikuwa siku ya soko. Trekta ikaingia uani kwa mwenye ghala ikivuta trela mbili. Wenye mizigo wanazipenda trela mbili kwa sababu safari inakuwa moja badala ya mbili.

Ua ule una lango la kuingilia na la kutokea. Dereva alipitiliza kidogo, akasimama trela ya nyuma ikiwa mkabala na mlango wa ghala. Ya mbele ilikuwa imeshaupita mlango, iko chini ya mwarobaini, hatua kumi na ushee. Wapakiaji hulipwa kwa gunia, hawalipwi kwa hatua. Waliijaza ya nyuma magunia 60 ya kilo 90, kisha 15 yaliyobaki wakayabeba hadi mbele huku wakinung'unika.

Mwenye ghala akatoka, akatazama. "Kijana, mkia umeuzidi mgongo."

"Mzee, si mzigo ni ule ule?"

"Basi rudi nyuma kidogo, wahamishe."

Dereva akacheka, na hapo hakuwa na makosa. Trela moja hurudishwa nyuma na yeyote aliyefundishwa: unazungusha usukani huku, mkia unakwenda kule. Ukiongeza ya pili, ya kwanza inaipindua ile nyingine kabla hujajua imeelekea wapi, na ukija kusahihisha zimeshajikunja kama mguu wa panzi. Dereva mzoefu hajaribu. Hufungua trela ya nyuma akazihamisha moja moja, au hupanga mapema asije akahitaji kurudi nyuma kabisa. Kulikuwa pia na njia ya tatu: kutoka kwa lango la pili, kulizunguka soko, na kuingia upya ili trela ya mbele isimame mlangoni. Robo saa hivi, kati ya mbuzi, bodaboda na akina mama wa nyanya.

"Tutafika tu, mzee," alisema. Turniboi wake akapanda juu ya magunia ya nyuma, akajilaza.

Mzee hakuwa amesomea haya popote, lakini alilosema ndilo linalofundishwa kwingine darasani. Mwongozo wa leseni za malori huko Marekani unaagiza trela nzito ikae mbele, karibu na kichwa, na nyepesi ifuate. Unaeleza pia kwamba dereva akipinda ghafla, mtikiso hukua kadiri unavyokwenda nyuma, kama mjeledi: mkono unasogea kidogo, ncha inalia. Kwa lori lenye trela tatu, ya mwisho hupinduka kwa urahisi mara 3.5 kuliko lori la kawaida la ekseli tano lenye trela moja. Australia wana misafara ya trela tatu yenye urefu wa mita 53.5, ila hiyo hupita kwenye barabara zilizochaguliwa, nyingi zikiwa zimenyooka na tupu. Hapa kwetu punda wa maji hawajaambiwa barabara ni ya nani.

Kuna jambo jingine ambalo mzee hakuliona, maana lilikuwa miguuni pa dereva. Trekta ya shamba ina pedali mbili za breki, ya gurudumu la kushoto na ya gurudumu la kulia. Ukifika mwisho wa shamba unakanyaga moja, gurudumu hilo linashika, trekta inageuka papo hapo kama mchezaji ngoma. Ukiingia barabarani, pedali hizo hufungwa pamoja kwa kichuma kidogo, kazi ya kidole kimoja, ili mguu ukishuka magurudumu yote mawili yashike kwa pamoja. Wiki nzima kijana huyu alikuwa akiwalimia watu mashamba. Na trela zake, kama nyingi za shambani, hazikuwa na breki zake zenyewe.

Safari ilikwenda vizuri mpaka kwenye mteremko unaoshukia mto mkavu. Alikuwa kwenye gia kubwa. Mteremko kama ule hushukwa kwa gia ndogo iliyoingizwa ukiwa bado juu, injini ishike mzigo. Chini, punda wanne wenye mitungi walikuwa wakitoka mchangani, mtoto akiwa nyuma yao.

Mguu wake ulikwenda ulikozoea wiki nzima, kwenye pedali ya kulia peke yake. Trekta ikageuza pua upande huo. Trela ya mbele, nyepesi, haikuwa na uzito wa kuishikilia njia. Ile ya nyuma yenye tani tano na zaidi haikujua kwamba mbele wameamua kusimama. Ikasukuma. Ya mbele ikainuka kwenye kiungio, ikakunjika, na mkia ukapita ubavuni ukilala chini na kila kilichokuwa juu yake.

Punda walifika ng'ambo. Mtoto alifika. Turniboi alitolewa chini ya magunia, akapelekwa Mwingi kwa pikapu, mguu umefungwa kwa leso mbili za akina mama waliokuwa wakichota maji. Mguu huo haukurudi kama ulivyokuwa. Ndengu zilimwagika, mchanga ukawa kijani kibichi, na watu, baada ya kusimama kwa heshima kiasi, wakaanza kuzizoa.

Jioni mwenye ghala alifika kwa bodaboda. Dereva alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mto, hajakwaruzwa popote. Mzee hakumsemesha, wala hakuuliza habari ya magunia. Alipanda kwenye trekta, akainama chini ya usukani, akakisukuma kile kichuma kwa kidole. Kililala juu ya pedali zote mbili mara moja. Hakikuwa kimepinda wala kushika kutu.

Dereva aligeuza uso, akatazama punda waliokuwa wakirudi kwa mzunguko wa pili.