Andy Alisema Kweli Usiku wa Kwanza

Kuna filamu ya Marekani iliyopigwa mwaka 1972 katika mji mdogo wa Brooksville, Florida, kwa fedha za kuungaunga, ambayo nimeirudia kuliko filamu yoyote kubwa ya vita. Inaitwa Deathdream, kwingine ilionyeshwa kwa jina la Dead of Night. Ilitoka rasmi 1974, ikapita kwenye kumbi bila kishindo, kisha wapenzi wa filamu za kutisha wakaiokota, wakaitunza na kupokezana mpaka leo. Mwongozaji wake ni Bob Clark na aliyeiandika ni Alan Ormsby. Ina damu, ina maiti inayotembea, ina mauaji. Lakini kinachonikaa moyoni ni kicheko kimoja tu.

Andy Brooks ni askari kijana. Tunamwona kwa dakika chache gizani, Vietnam, akipigwa risasi. Anapokata roho anasikia sauti ya mama yake ikimkumbusha kwamba aliahidi kurudi. Huko nyumbani taarifa inafika kutoka jeshini: Andy ameuawa. Baba anaduwaa, dada mtu analia, mama anakataa katakata. Usiku anakaa na mshumaa wake, analitaja jina la mwanawe, anamdai ile ahadi. Na usiku wa manane Andy anaingia ndani, amevaa sare, mzima wa viungo, mweupe kuliko kawaida.

Furaha ya nyumba ile haisemeki. Wanamkumbatia, wanamshikashika, wanaongea wote kwa pamoja. Kisha anaambiwa kwamba wao walikwisha kuletewa habari kuwa amekufa. Andy anawatazama na kujibu kwamba ni kweli, alikufa. Panapita kimya kifupi. Halafu baba, mama na dada wanaangua kicheko, na Andy naye anacheka pamoja nao.

Sioni sehemu nyingine katika filamu hii inayotisha kama hapo. Kijana ametoka vitani, na usiku wa kwanza, mbele ya watu wanaompenda kuliko wote duniani, amesema jambo lililompata bila kuficha wala kupamba. Wao wamelipokea kama utani, kwa sababu utani ndio pekee ulioweza kukaa ndani ya furaha ile. Tangu hapo hakuna anayemwuliza tena. Wanamwuliza kama ana njaa, kama atapenda kumwona mchumba wake Joanne, kwa nini hataki wageni. Lile neno alilolitoa mwenyewe linabaki pale pale walipolicheka.

Baada ya hapo Andy anakaa. Kuna kiti cha kubembea chumbani, naye anakaa humo saa nyingi, mchana hata usiku, akienda mbele na kurudi nyuma, na mbao zinalia. Sauti ile inapenya dari na ngazi. Chini baba ananyanyua macho. Mama anasema mtoto amechoka tu, apewe muda. Clark hakuwa na fedha za helikopta wala mabomu. Alikuwa na nyumba, familia na kiti, na umaskini huo ukamlazimisha kutazama mahali ambapo filamu nyingi za vita hazifiki. Waigizaji wake wa baba na mama, John Marley na Lynn Carlin, walikuwa wamekwisha kucheza mume na mke katika Faces ya John Cassavetes mwaka 1968, kwa hiyo ugomvi wao humu una mazoea ya watu waliolala kitanda kimoja miaka mingi. Wanalaumiana juu ya malezi ya Andy huku mwenyewe yuko juu anabembea. Kila mmoja anamtetea mwana anayemkumbuka. Aliyepo hana wa kumtetea.

Hadithi yenyewe ina mzazi wake wa zamani. Mwaka 1902 Mwingereza W. W. Jacobs alitoa hadithi fupi ya mkono wa nyani uliokaushwa, wenye uwezo wa kutimiza maombi matatu. Humo wazazi wanafiwa na mwana wao kiwandani, mama anaomba arudi, na usiku mlango unabishwa. Mama anahangaika na komeo. Baba, akijua ni mwili wa namna gani unaosubiri nje, anatumia ombi la mwisho, na mlango unapofunguliwa hakuna mtu. Jacobs aliwaepusha wazazi wale na kitu kimoja kikubwa: kuishi na aliyerudi. Ormsby na Clark wanaufungua mlango, wanamwingiza kijana ndani, na wanatulazimisha kukaa naye siku baada ya siku.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami siwezi kumlaumu mama Andy kwa kuomba. Nani asingeomba? Tatizo linaanza baada ya ombi kujibiwa, pale anapotaka aliyerudi awe yule yule aliyeondoka.

Filamu hii ilipigwa wakati vita vya Vietnam vinaendelea bado, na wenye kuitazama walikuwa na Andy wao. Askari wa Marekani alikwenda kule kwa zamu ya mwaka mmoja. Siku zake zikitimia alipanda ndege, mara nyingi peke yake bila kikosi chake, na baada ya siku chache tu alikuwa jikoni kwa mama yake. Baba zao waliopigana Vita vya Pili walirudi kwa meli, siku nyingi baharini, wakiwa na wenzao waliojua walichokiona. Hawa wa Vietnam walitoka matopeni wakatua mezani. Mei 1972 daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Chaim Shatan, aliandika katika New York Times juu ya hali aliyoikuta kwa vijana hao: hatia, hasira, ganzi ya moyo, kushindwa kupenda na kupendwa. Tangu mwishoni mwa 1970 yeye na mwenzake Robert Jay Lifton walikuwa wakikaa katika vikao vya maongezi vya askari waliorudi wakavipinga vita, ambamo vijana walisimuliana na madaktari wakasikiliza. Ilichukua mpaka 1980 kwa chama cha madaktari wa akili wa Marekani kuuingiza ugonjwa huo katika mwongozo wake rasmi. Filamu ya kutisha ya bei poa iliutambua mapema zaidi, na nadhani iliweza kwa sababu haikuwa na heshima ya kulinda.

Na humo ndani alikuwamo mtu aliyejua. Katika kazi ya kumfanya Andy aoze taratibu mbele ya kamera alikuwapo kijana Tom Savini, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa kutengeneza majeraha ya filamu. Alikuwa ametoka Vietnam, alikokuwa mpigapicha wa jeshi. Amekwisha kueleza mara kadhaa kwamba kule alizitazama maiti kupitia lenzi, na lenzi ndiyo iliyomsaidia kuzichukulia kama kazi ya mapambo. Nikiitazama ngozi ya Andy inavyokauka na kupasuka, naikumbuka habari hiyo.

Andy anahitaji damu ili asiharibike, na hapo panakuja usiku wa daktari. Daktari wa familia, rafiki wa baba, ameanza kumshuku kwa mauaji ya dereva wa lori aliyempa lifti. Andy anamfuata usiku kwenye zahanati yake, anajilaza apimwe, na daktari anatafuta mapigo ya moyo asiyapate. Kabla ya kumwua na kujidunga damu yake kwa bomba la sindano, Andy anamwambia kwamba yeye amekwisha kufa kwa ajili yake, basi na yeye alipe. Daktari hakumtendea Andy ubaya wowote. Alikuwa raia mwema aliyelala salama wakati kijana wa jirani anakufa mbali. Filamu haituambii kwamba Andy ana haki ya kuua, lakini deni analolitaja ni la kweli, na mji mzima umekuwa ukijifanya limelipwa kwa kumpongeza.

Nasi nyumbani kwetu tulikuwa na Andy wetu: baba yangu mdogo alirudi kutoka Uganda na jeshi lililomng'oa Idi Amin mwaka 1979. Alipokelewa kwa ngoma. Sisi watoto tulimpigia saluti, wakubwa wakataka habari za Kampala: majumba, matoke, jinsi watu walivyoshangilia. Alizitoa habari hizo vizuri, kwa sababu alikuwa msemaji. Lakini nyama ya kuchoma hakuigusa tena. Sikukuu ikifika, moshi ukianza kupanda uani, alivaa makubazi akaenda zake mpaka barabara kuu, akarudi watu wamekwisha kula. Siku moja bibi alimwuliza, "Mwanangu, nyama imekukosea nini?" Akajibu, "Mama, harufu hii nimeijulia mahali pengine." Bibi alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, Mungu atakusahaulisha," akaenda kumpashia maharage.

Bibi alimpenda mwanawe, na maharage yale yalikuwa mapenzi. Hata hivyo neno lilikuwa limekwisha kutoka, likapita juu ya sahani, likaishia. Aliyeweza kulipokea alikuwa mwenzake mmoja wa kikosi, aliyekuwa akija mara chache na basi la jioni. Hao wawili walikaa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, mpaka usiku mwingi, na mtu akipita karibu na shikamoo yake waliitikia marahaba, wakasubiri apite. Bibi mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba baada ya mgeni huyo, mwanawe hulala hadi asubuhi bila kupiga kelele.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema askari hataki kuzungumza, huwa nasita. Wengi wamezungumza, tena mapema, kwa sentensi fupi iliyotupwa katikati ya chakula. Sisi ndio tuliobadilisha mazungumzo, kwa nia njema kabisa.

Jambo hili halijaisha na vita vya Vietnam wala na vile vya Uganda. Tarehe 7 Desemba 2017 waasi waliishambulia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo. Watanzania 14 walitangazwa kuwa wameuawa, na wengine wengi walijeruhiwa. Tuliwalilia waliorudi ndani ya majeneza, na walistahili machozi yetu. Waliorudi kwa miguu yao hawakuandikwa sana magazetini. Sasa ni watu wazima wenye watoto, wanaishi mitaani kwetu, na wengine wamekwisha kwenda zamu nyingine.

Daktari wa jeshi anaweza kumtibu askari, na wengine wanaifanya kazi hiyo kwa moyo. Lakini saa nane usiku anayeamka naye ni mkewe, na mchana anayeshangaa ukimya wake ni mama yake. Natamani askari anapoitwa kuandaliwa kurudi uraiani, hao nao waitwe, wakalishwe kwenye viti vile vile na kuelezwa kwa Kiswahili chepesi: atashtuka mlango ukibamizwa, huenda akachagua kukaa akiutazama mlango, atakasirika kwa jambo dogo na kukaa kimya kwa jambo kubwa. Msimlazimishe kusimulia. Akianza mwenyewe, hata kwa neno moja linalowachukiza au linalofanana na mzaha, acheni kula, mwulizeni lililofuata.