Taa za Mpakani

Haya naandika kwa aibu kidogo.

Desemba kijana wangu alikuja kutoka Nairobi na taa za Krismasi. Si zile za zamani zinazowaka na kuzimika zote pamoja. Hizi ni za pikseli: kila taa ina chipu yake, na kwa simu unaiambia moja iwe nyekundu na jirani yake kijani. Amri hupita kwa waya mmoja, taa hadi taa. Moja ikiharibika, za mbele yake hazipati habari. Zilikuwa 150, za volti 5. Mimi nikaogopa tokeni, lakini akanipigia hesabu: hata zikiwaka nyeupe zote kwa nguvu yote hazifiki wati 50.

"Baba, tuziweke wapi?"

Watu hupita barabarani, upande wa juu. Mimi nikamwambia azitundike kwa ua wa chini, mpakani. Ng'ambo ya ua huo anaishi kaka yangu mkubwa. Hatujasalimiana vizuri tangu surveya aje, na nyinyi wa Mosocho mnajua hatua mbili za shamba zinavyoweza kuwafanya watu wa tumbo moja. Nilitaka aone kwangu kunang'aa. Kwa mdomo nikasema ni kwa utukufu wa Mungu.

Swali lililoninyima usingizi ni hili: taa iliyowashwa kwa nia mbaya, je, ni nuru? Katika Mathayo 5 Yesu anataka nuru yetu iangaze mbele ya watu. Geuza ukurasa, Mathayo 6, anatuonya tusitende mema ili tutazamwe. Naye Paulo, akiwa kifungoni, anawaandikia Wafilipi kwamba wako wanaomhubiri Kristo kwa wivu na ushindani, na bado yeye anafurahi, mradi Kristo anahubiriwa. Hapo nikashikilia sana! Watoto wa kaka walikuja kila jioni ng'ambo ya ua, wakishangilia rangi zikikimbizana. Furaha yao haikuwa na doa. Basi si kitu, nikajiambia, taa ni taa.

Lakini Paulo alikuwa anasema juu ya wivu wa wengine. Hakuupa wa kwake ruhusa. Na ile Mathayo 5 niliyoipenda, ukishuka mistari michache, inaniambia niache sadaka madhabahuni nikapatane kwanza na ndugu yangu. (Sisi huishia mstari wa 16.)

Nikazizima, nikadhani nimetubu. Dakika kumi hazijaisha, nikasikia sauti ya mtoto: "Baba mdogo, tokeni zimeisha?"

Hata huko kuzizima kulikuwa mambo yangu mimi mwenyewe. Nikaziwasha, nikazunguka hadi kwa geti lake. Kaka alikuwa ameketi nje. Hakusema neno, akamtuma mtoto alete kiti. Tukazitazama kutoka upande wake. Ni kutoka huko nilipoona kwamba za mwisho, ambazo zilitakiwa ziwe nyeupe, zimekuwa manjano.

"Hizo za mwisho hazipati stima ya kutosha," akasema.

"Kijana anasema zinataka waya wa pili, uingilie mwisho huu."

Akaniangalia kidogo, kisha akanionyesha soketi kwenye veranda yake.