Hekalu la Mama na Amri ya Nane

Katekista mmoja wa wilaya ya Serengeti alitujia na jambo lililomsumbua moyo, nasi tangu siku ile limetusumbua pia. Alikuwa akiwafundisha watoto wa kipaimara Amri ya Kwanza. Apate kuwaeleza maana ya miungu mingine, akatundika ukutani picha ya kalenda aliyopewa dukani, picha ya hekalu kubwa la Bara Hindi, lenye minara iliyojaa sanamu za rangi toka chini hata juu. Akawaambia, "Tazameni watu wazima wanaosujudia wanasesere." Watoto wakacheka sana. Lakini msichana mmoja hakucheka. Alikusanya madaftari yake, akatoka, wala hakurudi. Bibi yake, aliyemlea tangu utoto, ni mmoja wa wale ambao hata leo hupeleka sadaka kwenye chemchemi ya emisambwa, yaani mahali pa roho za wazee wa Wanata.

Katekista akatuuliza, "Mchungaji, je, nilikosa? Mbona nilisema kweli?"

Hatukuweza kumjibu upesi. Maana neno lile la wanasesere alilisikia kwetu, katika mafundisho ya makatekista, nasi tulilisema hali hatujui hata jina la hekalu lo lote la Wahindi.

Basi na tuanze na jina. Chini ya picha liliandikwa: ni hekalu la Madurai, mji wa kale kando ya mto Vaigai, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa Bara Hindi. Mwenye nyumba ni Meenakshi, na maana ya jina lake ni mwenye macho ya samaki. Watu wa huko husimulia kwamba mfalme mmoja wa Wapandya hakuwa na mtoto. Akatoa sadaka ya moto, na kutoka katika moto ule akatokea msichana. Akaurithi ufalme, akaenda vitani akashinda, hata alipokutana na mungu Shiva akaolewa naye. Arusi hiyo husherehekewa kila mwaka katika mwezi wa Chittirai, ndio kama Aprili na Mei kwetu. Mume ana nyumba yake ndani ya boma lile lile, walakini wajao kuabudu humwendea mke kwanza. Sehemu kubwa ya majengo yaonekanayo leo ni kazi ya wafalme walioitwa Nayaka, katika karne ya 16 na ya 17. Mnara wa kusini wapita meta 50. Uko na ukumbi uitwao wa Nguzo Elfu, lakini nguzo zake ni 985. (Tulipokumbuka taarifa zetu za mwaka za idadi ya washarika, tuliona kwamba si Wahindi peke yao wapendao kutimiza elfu.)

Tena zile sanamu za mnarani, si kila moja ni mungu aabudiwaye. Nyingi ni za walinzi, wachezaji, wanyama na watu wa hadithi. Aabudiwaye yumo ndani, chumbani penye giza, na makuhani humwogesha, humvika nguo, humwandalia chakula. Ukimwuliza mwenye kuabudu kama jiwe lile ndilo Mama, atakuambia kwamba Mama amekubali kukaa pale ili watoto wake wamwone.

Mama: ndilo neno lenyewe. Watu wa kusini humwita Amman, na karibu kila kijiji kina Amman wake. Aliye mashuhuri vijijini ni Mariamman, mwenye mvua na mwenye ndui. Zamani, kabla ndui haijakomeshwa duniani, jambo lililotangazwa mwaka 1980, mtu akishikwa na ugonjwa huo walisema Mama amemjia, wakatundika majani ya mwarobaini mlangoni. Mwarobaini huo huo tunaochemsha kwa homa hapa Tarime ulitoka Bara Hindi, na kule ni mti wa Mama.

Msomaji wa Serengeti aona sasa kwa nini msichana yule aliondoka. Wanata husimulia kwamba asili yao ni mama mkulima, Nyasigonko, na mwindaji, Nyamunywa, aliyemkuta. Huyu alikuwa na nafaka, yule alikuwa na nyama. Wazee wao waliizunguka nchi kwa dawa ili maradhi yasiingie. Bibi yake huenda chemchemini kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya watoto. Mtoto alipoona watoto wenzake wakimcheka Mama wa Wahindi, alisikia bibi yake akichekwa. Na katika nchi yetu, Wakuria kwa Wanata kwa Waikoma, mtu aweza kusamehe kupigwa, lakini anayemtukania mama yake hamsamehe upesi.

Lakini yako maneno ya kututia haya zaidi. Wa kwanza kupeleka Injili ya Kilutheri kwa watu hao wa Tamil alikuwa Bartholomäus Ziegenbalg, Mjerumani aliyetumwa na mfalme wa Denmark, akafika Tranquebar mwaka 1706. Kijana huyu, katika siku zake za kwanza, aliingia katika hekalu la mungu mke, akaziangusha sanamu ndogo na kuzivunja vichwa, apate kuonyesha kwamba hazina nguvu. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo katika barua. Mwenyeji mmoja akamjibu kwamba zile si miungu, ni askari wa miungu tu. Yaani alivunja mabawabu akidhani amemvunja bwana wa nyumba, nasi kwa kalenda ile tulifanya vivyo hivyo.

Walakini Ziegenbalg hakubaki pale. Alijifunza Kitamil hata akalitafsiri Agano Jipya, akakaa na waalimu wa nchi, akauliza, akaandika. Mwaka 1713 alipeleka Ulaya kitabu kikubwa juu ya miungu ya kusini mwa Bara Hindi, na ndani yake Amman hao wa vijijini wametajwa kwa majina yao na kazi zao. Wakubwa wake wa Halle walikataa kukichapa. Walisema wamisionari wametumwa kuung'oa ushenzi, si kueneza upuzi wake katika Ulaya. Kitabu kikalala hata mwaka 1867, kilipochapwa Madras, na mwandishi alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1719.

Nani katika hao aliishika imani? Wakubwa wa Halle waliogopa kwamba mtu akijua sana habari za mungu mwingine, Amri ya Kwanza italegea. Twauelewa woga wao. Lakini Amri ya Kwanza haikumwondolea mtu ye yote Amri ya Nane. Katika Katekisimo Ndogo twafundishwa kwamba kutomshuhudia jirani uongo maana yake si kunyamaza tu. Yatupasa kumtetea, na kulieleza jambo lake kwa upande ulio mwema. Wala hapo hatukuambiwa kwamba jirani ni Mkristo. Nasi Wakristo tungepaswa kujua uchungu wake, kwa kuwa Warumi wa zamani walisikia habari za mwili na damu ya Bwana, wakaeneza neno kwamba tunakula watu.

Soma tena Matendo ya Mitume, mlango wa 19. Mji wa Efeso wote unamlilia Artemi, mungu mke mwenye hekalu mojawapo la makubwa kabisa ya siku zile. Paulo alikuwa amehubiri pale miaka miwili na zaidi, na mahubiri yake yalikuwa yameharibu biashara ya wafua fedha. Hata hivyo mwandishi wa mji, asiye Mkristo, asimama kuwashuhudia wenzake Paulo kwamba hawakuiba hekaluni wala hawakumtukana mungu mke wa mji. Paulo hakuficha kwamba miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu, tena adui zake walilijua neno hilo vema. Lakini tusi hawakulipata kwake.

Wako vijana wetu wa mjini wasemao, "Mchungaji, ya nini taabu hii? Dini zote ni moja." Hata hilo hatulikubali, tena twaliona ni ushuhuda wa uongo wa namna nyingine. Anayemwabudu Meenakshi hasemi tusemayo sisi, wala bibi wa chemchemini hasemi hivyo. Kuwaambia kwamba wasema yale yale ni kukataa kuwasikiliza. Sisi twaamini kwamba Mungu alikuja kwetu katika mwana wa Mariamu, wala hatutapeleka ua wala jogoo kwa mwingine. Hilo twaweza kumwambia bibi yule uso kwa uso, tukiisha kumsikia.

Tena lipo jambo la lango. Kwa miaka mingi watu wa tabaka za chini walizuiwa kuingia katika hekalu la Madurai. Tarehe 8 Julai 1939, A. Vaidyanatha Iyer, mwenyewe Brahmani, aliwaongoza wachache wao wakaingia, na ghasia ikawa kubwa. Gandhi alikuwa amekataa kuingia maadamu lango limefungwa kwa hao. Aliingia mwaka 1946. Twaweza kusema, "Tazama dini ya ubaguzi." Lakini Misheni ya Leipzig, ile ile iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893, katika sharika zake za Tamil ilivumilia tabaka miaka mingi, hata wamisionari wengine wakailaumu. Na hapa Tarime, baada ya ugomvi wa ng'ombe, tumeona kwa macho yetu koo mbili zikiketi pande mbili za kanisa moja, na watu wakingojea wengine watoke kwanza mezani pa Bwana.

Basi tulimjibu katekista kwamba tulikosa, sisi kwanza na yeye baada yetu, naye akaenda kwa bibi kuomba radhi. Mara ya kwanza bibi alimwacha amesimama uani, akaendelea kupepeta ulezi. Akarudi juma la pili. Bibi akamwuliza kama ni kweli kwamba huko mbali wako watu wenye nyumba ya Mama kubwa kuliko mlima, na huyo Mama anaitwa nani. Safari hii katekista alilijua jina. Msichana bado hajarudi darasani, lakini ndiye aliyetoka ndani akamletea kigoda.