Unalala Wapi?

Oktoba 2024 nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya kituo kimoja cha kuandikisha wapiga kura wa serikali za mitaa, Kariakoo. Nilikuwa kazini, natafuta habari. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mama mmoja ninayemfahamu. Ni mama lishe, anapika kwenye kona karibu na Mtaa wa Kongo, na wali maharage wake nimeula tangu niko chuo, enzi za kuhesabu nauli kabla ya kuagiza chai.

"Unalala wapi, mama?" mwandikishaji akamuuliza.

"Mbagala."

"Basi utajiandikisha Mbagala, mama yangu. Hapa tunaandika wakazi wa mtaa huu."

Mama hakubisha. Alicheka kidogo, akasema, "Mbagala wananijua usiku tu. Natoka bado giza, narudi watu wameshafunga milango." Akajifunga kanga vizuri, akarudi kwenye masufuria yake.

Yule mwandikishaji hakukosea. Kanuni ndivyo zinavyotaka: uwe raia, uwe umetimiza miaka 18, uwe mkazi wa eneo husika. Lakini swali lake nilitoka nalo pale na mpaka leo halijaniacha. Mambo ya mahali yaamuliwe na nani? Na anayelala pale, anayepamiliki, au anayeshinda pale siku sita kwa wiki na kulisha wanawe kwa kinachopatikana pale?

Kiswahili chetu kinatuchezea kidogo hapa. Tukisema "mtaa" Kariakoo, mara nyingi tuna maana ya njia: Kongo, Mchikichi, Mkunguni, Msimbazi. Lakini kuna mtaa mwingine, ule wenye mwenyekiti, mtendaji na muhuri, unaokuandikia barua ya utambulisho ukitaka kufungua akaunti benki au kumdhamini ndugu polisi. Mtaa wa kwanza unajaa watu mpaka lami huioni. Wa pili una watu wachache, na kila ghorofa jipya likisimama wanazidi kupungua, maana vyumba vya kulala vinageuka fremu na stoo.

Kwa ukubwa wa ardhi, Kariakoo ni kijiji tu. Unaizunguka kwa miguu na soda yako haijapoa. Jina lake limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Yaani mahali hapa pamebeba jina la watu waliobeba mizigo ya wengine bila kuulizwa mawazo yao. Baadaye pakawa pa nyumba za Kiswahili, zile za korido katikati na ua nyuma. Mwaka 1975 likafunguliwa soko lile lililochorwa na Beda Amuli, na miaka ya karibuni maghorofa yakazimeza nyumba.

Sasa angalia maamuzi na matukio yaliyopita hapo katika muda mfupi. Tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Oktoba mwaka huohuo wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara na vibanda vikavunjwa. Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Siku 11 baadaye, tarehe 27 Novemba, Tanzania Bara ikapiga kura kuchagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa. Najua kibali cha kujenga ghorofa hakitoki kwa mwenyekiti wa mtaa. Lakini macho ya serikali yaliyo karibu zaidi na uchochoro ni yake, na wanaompa au kumnyima kura ni wanaolala pale. Kijana wa dukani anayeshuka asubuhi kutoka Gongo la Mboto, mfanyabiashara aliyefuata mzigo kutoka mkoani, kuli, mama lishe: ukuta ukidondoka unawaangukia wao, na orodhani hawamo.

Kwa hiyo nikaandika makala. Nilisema anayeshinda mahali naye ni mwenyeji, apewe sauti. Nilijisikia vizuri sana siku ile.

Wa kwanza kunipinga alikuwa mzee mmoja anayeishi kwenye mojawapo ya nyumba chache za zamani zilizobaki. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. "Makala yako nimesomewa na mjukuu," alisema. "Hujasema uongo. Ila nyie saa moja usiku mnapanda magari yenu. Mimi nabaki na maboksi, maganda, maji machafu na jenereta. Ukiwapa hao wote kura, siku wakitaka soko liwe la usiku kucha, mimi nitalala wapi?"

Sikuwa na jibu. Wakiwa maelfu na yeye mmoja, watamshinda kila siku, na kura yake itakuwa ya heshima tu.

Jibu lilianza kunijia Machi iliyofuata, na lilinijia kwa aibu.

Mimi kama vijana wengi wa mjini nimenunua kiwanja, Mkuranga, kwenye kijiji kimoja kinachokua haraka. Ni barabara ileile ya Kilwa anayopanda yule mama, mimi naipita Mbagala na kuendelea. Bado sijajenga, nina msingi na rundo la kokoto. Wanunuzi tuna kundi letu la WhatsApp, na humo tumekubaliana kwamba kijiji kinahitaji barabara pana ili gari zifike kwenye viwanja. Mwenyekiti akaitisha mkutano mkuu wa kijiji, tukajazana kwenye magari tukaenda.

Kijiji kina uzito ambao mtaa wa mjini hauna. Kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya juu, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo inayosimamia ardhi. Kwa hiyo pale chini ya mwembe hapakuwa na maigizo. Ilipofika ajenda ya barabara, ikaonekana njia tunayoitaka itapita kwenye mikorosho ya bibi mmoja. Sisi tukasema atalipwa fidia. Bibi akauliza fidia itazaa kila msimu?

Mwenyekiti akasema tupige kura. Mikono ikapanda, na wangu ukiwemo. Akatutazama akatabasamu: "Wageni wetu wa Dar, naomba mshushe mikono. Wanaopiga kura ni wanaolala hapa."

Niliushusha, na nilikasirika. Nimelipa hela yangu, nina karatasi yenye muhuri, nitazeekea pale Mungu akijalia, halafu naulizwa ninalala wapi! Nikiwa njiani kurudi, daladala imesimama kwenye foleni Mbagala Rangi Tatu, ndipo nilipokumbuka nimelisikia wapi swali lile.

Basi nikalazimika kufikiri upya. Kama ninamtetea mama lishe kwa hoja kwamba "anahusika", na mimi Mkuranga ninahusika. Kama namnyima bibi nguvu ya kunizuia, namnyima pia mzee wa Kariakoo. Siwezi kuwa na kanuni moja ninapopika wenzangu na nyingine ninapopikwa mimi.

Hapa ndipo nilipofikia. Swali la kulala ni zuri lakini halitoshi, kwa sababu linakisia tu jambo lingine lililo muhimu zaidi: uamuzi ukiwa mbaya, nani hana pa kwenda? Zamani mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Mtu alilala palipo na shamba lake, ng'ombe wake, kisima chake na makaburi ya wazee wake. Mji umeyatenganisha. Mimi barabara ikikosekana nitauza kiwanja, pengine kwa faida. Bibi mikorosho ikikatwa, imekatwa. Mwenye ghorofa Kariakoo anaweza kuwa analala kwingine kabisa, na wapangaji wakihama atapata wengine. Mama lishe akipoteza kona, amepoteza wateja aliowajenga mmoja mmoja kwa miaka. Mzee akikosa usingizi, hana nyumba nyingine.

Kwa kipimo hicho, mama na mzee wako upande mmoja, ingawa mmoja analala pale na mwingine halali. Na mimi na mwenye ghorofa tuko upande mwingine. Haikunifurahisha kuliona hilo.

Utaniambia mizani ya namna hiyo haiwezi kuwekwa kwenye orodha ya wapiga kura. Kweli, "unalala wapi" linajibiwa kwa neno moja, "utapoteza nini" linahitaji mazungumzo. Lakini kusikilizwa hakuhitaji orodha. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na ndani ya siku tatu Waziri Mkuu alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza. Nao wengi wao hawalali Kariakoo. Walisikilizwa kwa sababu wana milango ya kufunga. Mama lishe akifunika sufuria lake, wateja wake watakula kwa jirani, basi. Mpangilio unaomsikiliza mtu kwa kadiri anavyoweza kuumiza wengine unamwacha nje yule anayeumia zaidi.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo. Kabla ya kuhamisha, kuvunja au kupanua, mkutano wa mtaa uitwe mchana, pale wenye mchana wao walipo, na waruhusiwe kusema hata kama hawatapiga kura. Wakazi waamue, lakini waamue wakiwa wamewaangalia machoni.

Kijijini nilirudi kwenye mkutano uliofuata. Nilikaa nyuma, nikaomba nafasi ya kusema, nikasema ningependa barabara, na kwamba naweza kuingia kwa miguu kama itazunguka mikorosho. Kura ilipopigwa mikono yangu ilikuwa mapajani. Barabara itazunguka. Kwenye kundi la WhatsApp kuna wenzangu hawajanisamehe.

Juzi nilipita kwa mama, nikamsimulia yote. Alinisikiliza huku anapakua, akaniuliza, "Na huyo bibi, korosho zake anauza kilo shilingi ngapi?"