Deni la Plymouth

Novemba 1621 meli ya Fortune ilifika Plymouth, makazi mapya ya Waingereza kwenye pwani ya Marekani, ikiwa na barua kutoka London. Mfanyabiashara Thomas Weston alimlaumu gavana John Carver kwa kuirudisha Mayflower, meli iliyowaleta walowezi, Uingereza bila shehena. Carver alikuwa kaburini tangu Aprili.

Barua hiyo hainitoki moyoni. Ni kweli walowezi walivuka bahari kwa mtaji wa watu: kwa miaka saba jasho lao lote lingeingia kwenye mfuko mmoja, kisha faida igawanywe. Mwenye mtaji ana haki ya kuulizia mali yake. Lakini kati ya abiria 102, karibu nusu walikufa katika baridi ile ya kwanza. Zilipita siku ambapo wazima hawakuzidi sita au saba. Hao ndio waliotafuta kuni, wakakoka moto, wakapika, wakawatandikia wagonjwa na kuwafulia nguo zilizochafuka, bila kinyaa wala manung'uniko. Mzee wa kanisa William Brewster alikuwamo, na Myles Standish, mwanajeshi, naye alikuwamo. William Bradford, aliyeuguzwa na mikono hiyo, aliwaandika kwa shukrani. Daftari za London hazikuwa na mahali pa kuandika kazi kama hiyo, nami naamini ndiyo iliyoufanya mji ule usife.

Deni la fedha hawakulikimbia. Waliijaza Fortune mbao na ngozi za biva. Wafaransa wakaiteka njiani. Baadaye walowezi walikubali kununua hisa za wafanyabiashara kwa pauni 1,800, na watu wachache wakajitwika mzigo huo kwa niaba ya wote. Hata mahindi waliyoyafukua shimoni walipofika pwani ya Cape Cod, akiba ya wenyeji, waliwatafuta wenyewe wakawalipa.

Hapo nawaheshimu kwa dhati. Ila mji wao ulisimama palipokuwa Patuxet, kijiji ambacho watu wake walifagiliwa na maradhi miaka michache tu kabla. Tisquantum, mzaliwa wa hapo aliyewahi kutekwa na kuuzwa Hispania, ndiye aliyewafundisha kupanda mahindi kwa mbolea ya samaki. Ousamequin, kiongozi wa Wampanoag, aliwapa amani mwaka 1621 na hakuivunja hadi kufa kwake.

Mwaka 1676 mwanawe Metacom aliuawa katika vita dhidi ya walowezi. Mji uliolipa mahindi ya shimoni ulikichomeka kichwa chake juu ya mti, ukakiacha hapo miaka mingi.